Mshairi na Mtengeneza Viatu

Katika mji wa Calcutta, mnamo mwaka 1951, imo nyumba ambayo wenyewe hawasemi kama wasemavyo watu. Chai ikimwagika mezani, mmoja hutoa mshororo. Na kabla kitambaa cha kupangusia hakijaletwa, mwengine huwa ameshaujibu kwa mshororo wa pili wenye kina kile kile. Mgeni akivaa vibaya, mchumba akipiga simu wakati usiofaa, mpishi akizidisha chumvi, yote huishia katika tathnia. Hata mbwa wao, aitwaye Cuddles, ambaye kazi yake kubwa ni kuuma wageni, ametungiwa mashairi mengi kuliko wafalme wengi. Baba wa nyumba ni Jaji wa Mahakama Kuu. Kutwa husikiliza mashauri ya watu, na jioni hurejea kwake akalikuta shauri lisilo na sheria ya kuliamulia: wanawe watano, kila mmoja na wazimu wake.

Hao ndio akina Chatterji, ukoo mmoja kati ya koo nne zinazoijaza riwaya ya Vikram Seth, A Suitable Boy, iliyotolewa mwaka 1993. Jina hilo kwa Kiswahili laweza kuwa Kijana Anayefaa, au kwa lugha ya washenga, Mchumba wa Kustahiki. Ni riwaya nene kupita kiasi, yenye kurasa zaidi ya 1,300 na sehemu 19, na aghalabu hutajwa miongoni mwa riwaya ndefu kabisa za Kiingereza zilizowahi kutoka katika juzuu moja. Walakini msomaji mpenda ushairi hahitaji kufika mbali ili ajue yuko mikononi mwa nani. Orodha ya yaliyomo, ambayo katika vitabu vingi ni jedwali kavu la majina na tarakimu, hapa imetungwa kwa vina: kila sehemu imefupishwa kwa mishororo miwili. Mwandishi amebisha hodi kwa shairi kabla hajaingia kwa nathari.

Na ilikuwa haki yake. Seth alizaliwa Calcutta mwaka 1952, na kabla ya riwaya hii sifa yake ilikuwa ya mshairi. Mwaka 1986 alitoa The Golden Gate, hadithi nzima ya vijana wa California iliyosimuliwa kwa soneti 590, katika bahari ile ile aliyoitumia Pushkin kuandika Eugene Onegin. Seth hakuipata bahari hiyo kutoka kwa Kirusi chenyewe. Aliipata katika tafsiri ya Kiingereza ya Charles Johnston. Yaani mfasiri mmoja alihamisha mche, na mche huo ukazaa tunda jipya katika bustani ambayo mtungaji wa kwanza hakuiota. Naye Seth akalipa deni hilo kwa kufasiri: mwaka 1992 alitoa kitabu cha tafsiri za washairi watatu wa China, Wang Wei, Li Bai na Du Fu. Mtu wa namna hiyo akiamua kuandika kitabu kinene kwa lugha ya kawaida, ushairi haumtoki. Humtafutia mahali pengine pa kukaa. Katika riwaya hii ulikaa katika meza ya chakula ya akina Chatterji.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Bibi Rupa Mehra ni mjane. Marehemu mumewe alikuwa afisa wa shirika la reli, naye amemwachia watoto wanne, machozi ya karibu na desturi ya kuwatumia jamaa kadi za pongezi alizozitengeneza kwa kukata vipande vya kadi za zamani. Binti yake mmoja, Savita, anaolewa katika kurasa za kwanza na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Brahmpur, mji wa kubuniwa kando ya mto Ganga. Papo hapo, harusi haijesha, mama anamtangazia binti wa mwisho, Lata mwenye umri wa miaka 19, kwamba naye atatafutiwa mume. Lata anakunja uso. Kurasa zote zinazofuata, zenye chaguzi, ghasia, mahujaji, wakulima, mawaziri na waimbaji wa ghazali, zinazunguka swali hilo moja: ataolewa na nani?

Vijana ni watatu. Wa kwanza ni Kabir Durrani, mwanafunzi wa historia na mchezaji hodari wa kriketi, ambaye Lata anakutana naye katika duka la vitabu. Wa pili ni Amit, mwana mkubwa wa nyumba ya akina Chatterji, aliyesomea sheria Uingereza akaiacha kwa ajili ya ushairi. Wa tatu ni Haresh Khanna, mtu wa viwanda vya viatu, mwenye tambuu mdomoni, viatu vya rangi mbili miguuni, na Kiingereza kinachokwaruza masikio ya wanaojiona wamesoma. Ni mpenzi wa moyo, mshairi, na mtengeneza viatu. Katika jarida linalosomwa na wapenda tungo, si ajabu macho yote yakamwelekea huyo wa kati. Na hapo ndipo penye uchungu wa kisa hiki, kwani mshairi alishindwa.

Kabla ya kuuliza kwa nini alishindwa, hebu itazamwe nyumba iliyomlea.

Meenakshi, dada wa Amit, ameolewa na Arun, kaka mkubwa wa Lata. Ni mwanamke mzuri, mrefu, mwenye mapenzi ya pembeni ambayo mumewe hayajui. Kakoli, mdogo wake, huimba nyimbo za Schubert kwa Kijerumani na kuchumbiana na Mjerumani. Dipankar amesoma uchumi lakini anatafuta ukweli wa milele, na kila wiki ukweli huo hubadilika sura. Tapan, kitinda mimba, yuko skuli ya bweni. Mama yao ni mpole, naye babu huja na kuondoka kama hali ya hewa. Wote hao hupenda kuchezeana kwa vina, na bingwa wao ni Kakoli, hata tathnia zenyewe zimepewa jina lake.

Msomaji wa mwambao haoni ajabu hapo, kwani kujibizana kwa shairi si jambo geni katika miji ambayo Muyaka bin Haji aliwahi kuwa midomoni mwa watu. Kilicho kigeni ni wepesi wake. Tathnia za akina Chatterji hazina hekima wala hazitafuti. Ni mchezo wa watoto waliokua bila kuacha kucheza. Mfasiri anayetaka kuzileta katika Kiswahili hukabiliwa na kikwazo cha namna yake: lugha hii ina vina tele, kwa kuwa karibu kila neno linaishia kwa irabu, na hivyo kina kimoja cha mwisho hakimshangazi mtu. Kichekesho cha Kiingereza hutoka katika ugumu wa kukipata kina. Cha Kiswahili hakina budi kitoke kwengine, katika mizani iliyonyooka na kina cha kati kilichokaa kwa adabu ilhali maneno yenyewe hayana adabu. Lau Kakoli angalizaliwa katika moja ya nyumba za mji wa pwani, pengine angalimpokea mgeni hivi:

Karibu mgeni wetu, kaa hapa kwenye kiti,
na akija mbwa wetu, panda juu ya kabati.

Nane kwa nane, ukwapi na utao, kila kitu mahali pake. Mgeni naye juu ya kabati. Huo ndio ucheshi wa nyumba ile.

Lakini Seth haachi mchezo ubakie mchezo. Mapema katika riwaya, Meenakshi anahitaji vipuli vipya. Katika mali za nyumba imo nishani ya dhahabu aliyoipata marehemu baba mkwe wake kwa masomo, na ambayo Bibi Rupa Mehra ameitunza kama anavyotunza kumbukumbu ya mumewe. Meenakshi anaipeleka kwa sonara ikayeyushwa. Haoni ubaya: dhahabu ni dhahabu, na kipuli huonekana sikioni ilhali nishani hulala sandukuni. Mjane akijua, analia kilio ambacho hakuna tathnia inayoweza kukitia kejeli. Msomaji aliyekuwa akicheka anasita. Anatambua kwamba kipaji cha nyumba hii ni kuyeyusha. Kila kizito kikiingia mle, hutoka kikiwa kipambo chepesi cha kuvutia macho. Huzuni ya mtu huyeyushwa ikawa kina. Aibu ya mtu ikawa mshororo.

Kinyume cha hilo kipo pia, nacho ni kidogo mno hata wasomaji wengi hukipita. Tapan, yule mdogo, anarudi nyumbani kwa likizo naye hataki kurejea skuli. Hasemi kwa nini. Anaonewa huko na wakubwa wake, kwa namna ambayo mtoto hawezi kuitamka mbele ya kaka na dada wanaogeuza kila kitu kuwa mzaha. Anamwendea Amit peke yake. Na Amit, mwana wa vina, hatoi hata kimoja. Anasikiliza, halihoji lile ambalo mtoto hataki kulisema, kisha anafanya mpango mdogo wake asirudi tena kule. Pengine hilo ndilo shairi bora la Amit katika riwaya nzima, nalo halina neno. Mwandishi anajua, basi, kwamba mshairi huyu ana moyo. Kushindwa kwake hakukutokana na ukosefu wa moyo.

Nje ya nyumba hiyo kuna nchi. India ya 1951 ilikuwa na miaka minne tu tangu igawanywe mwaka 1947, na damu ya mgawanyo huo ilikuwa haijakauka katika kumbukumbu za watu. Riwaya inasimulia mji ambao hekalu linajengwa ubavuni mwa msikiti, na polisi wanawapiga watu risasi. Inasimulia sheria ya kuwanyang'anya mashamba makabaila, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa taifa huru. Amit mwenyewe, kando ya mashairi yake, anaandika riwaya juu ya njaa ya Bengal ya mwaka 1943, ambamo waliokufa wanakadiriwa kufikia milioni 3. Yaani hata yule kijana wa maneno mepesi ana maiti mezani pake anapoandika. Ucheshi wa kitabu hiki si wa watu wasioijua huzuni, bali wa watu waliokwishaiona wakaamua kunywa chai yao.

Na huzuni hiyo ndiyo iliyomfika Kabir. Lata alipokutana naye hakujua jina la ukoo wake. Alijua jina moja tu, nalo halikumwambia kitu, kwani Kabir ni jina la mshairi mkubwa wa Banaras wa karne ya 15, mfumaji wa nguo ambaye Wahindu na Waislamu wote wawili humdai kuwa wao. Alipoambiwa na rafiki yake kwamba kijana huyo ni wa ukoo wa Durrani, ndipo alipofahamu: ni Mwislamu. Jina la kwanza lilikuwa mlango ulio wazi, la pili likawa komeo. Mama alipopata habari alimchukua binti yake wakapanda gari moshi hadi Calcutta. Wala Bibi Rupa Mehra si katili. Anaogopa tu, na khofu yake anaiita heshima, kama ambavyo wazazi wengi duniani hufanya.

Lata hakukubali kirahisi. Ni yeye aliyemwambia Kabir watoroke, na ni Kabir aliyesita, akifikiri masomo na kazi. Jambo hilo linastahili kukumbukwa na wale wanaomlaumu msichana. Dakika moja ilikuwapo ya mapenzi kuruka ukuta. Aliyeipima kwa akili alikuwa kijana.

Calcutta, Lata akamjua Amit. Wana mengi ya kuzungumza: wote wawili wanaishi kwa vitabu. Amit anampenda, ila ni mzito wa kusema. Anaweza kutoa kina kwa nusu nafasi ya pumzi juu ya mbwa au mchuzi, lakini neno moja la kweli kwa mwanamke anayemtaka linamchukua miezi. Ni maradhi ya watu wa maneno: aliyezoea kuyapamba huogopa kuyatoa yakiwa uchi. Naye Lata, ambaye hakosi akili, anaona jambo jengine. Yeye na Amit wamefanana mno. Hali za mioyo yao hupanda na kushuka bila taarifa; nani atamshika mwenzake siku wote wawili wakiwa wameshuka? Tena mshairi anaweza kukaa na mtu sebuleni ilhali mwenyewe yuko ndani ya beti yake, mlango ameufunga. Kuishi naye ni kuishi na mtu ambaye nusu yake haipo.

Haresh yupo wote. Ni sifa yake kubwa, na mwanzoni Lata haioni. Kijana huyu alikwenda Uingereza kusomea viatu. Amefanya kazi katika viwanda vya Kanpur. Anaweza kushika ngozi, kuikata na kuishona kwa mikono yake. Katika India ya wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Kazi ya ngozi ilihesabiwa kuwa najisi, kazi ya matabaka ya chini kabisa, na Haresh ni mtu wa tabaka la Khatri kama akina Mehra. Anawapeleka Lata na mama yake kutazama machinjo ya ngozi na madimbwi ya dawa, mama anaziba pua, yeye anaeleza kwa furaha kama mtu anayeonyesha bustani. Baadaye anapata kazi katika kiwanda cha Wacheki nje ya Calcutta, ambacho Seth amekiita Praha na ambacho mfano wake ni kiwanda cha Bata. Jina hilo halihitaji maelezo Afrika Mashariki, ambako miguu mingi ya skuli ilianza safari yake ndani ya viatu vya Bata.

Wala Haresh hakuwa mtupu wa mapenzi. Alikwisha kumpenda mwanamke wa Kisingasinga, wazee wakamkatalia, naye hakuficha habari hiyo kwa Lata. Alikuja na jeraha lake mkononi, si mfukoni. Wakati mmoja uchumba nusura uvunjike kwa neno moja la Kiingereza lenye herufi nne tu, ambalo Lata alilitamka kwa mzaha. Kwake yeye neno hilo lilikuwa mchubuko mdogo. Kwa Haresh lilikuwa tusi la kumwita mtu duni, asiye na utu. Akaondoka ameghadhibika. Kila mfasiri anaijua ajali hiyo: neno ni moja, nyumba lilimokulia ni mbili. Lakini tazama tofauti ya watu. Kwa akina Chatterji maneno hayaumizi kwa sababu hayana uzito. Kwa Haresh neno huumiza kwa sababu kwake neno ni kitu, kama kisu au kama kiatu, nacho kama hakikutengenezwa sawa kitamchubua anayekivaa.

Ndipo Lata akaamua. Alipohojiwa na rafiki yake Malati, aliyekuwa mtetezi wa Kabir hadi mwisho, alimjibu kwa shairi. Alilikimbilia shairi refu la Arthur Hugh Clough, Mwingereza wa karne ya 19, liitwalo Amours de Voyage, mahali mshairi anapotenga aina mbili za mvuto baina ya watu: mmoja unaotikisa na kuhangaisha, na mwengine unaomtuliza mtu na kumweka imara. Lata alikuwa ameujua ule wa kwanza. Mapenzi yake kwa Kabir yalimfanya asijitambue, yakamjaza wivu na khofu. Akachagua wa pili.

Hapo riwaya inafanya jambo ambalo mpenda ushairi hana budi kulitazama mara mbili. Mshairi alikataliwa, lakini ushairi ndio uliokata shauri. Amit aliyeandika alishindwa. Clough aliyesomwa alishinda. Na kejeli haiishii hapo, kwa kuwa anayesema maneno hayo katika shairi la Clough ni kijana msitaji, Claude, ambaye kwa kupima na kupima mapenzi yake alichelewa, na alipoamua kumfuata mwanamke wake hakumkuta tena. Lata ameshika nasaha kutoka kinywani mwa mtu aliyepoteza. Je, mwandishi anamcheka? Au anataka kusema kwamba shairi huweza kuwa na akili kuliko anayelinena? Kitabu hakijibu. Kinaendelea na maandalizi ya harusi.

Wasomaji wengi hawakumsamehe Lata, na pengine wasomaji wa pwani watakuwa wagumu zaidi wa kusamehe. Wazee wao walijaa katika majumba ya sinema ya Unguja kutazama Awara ya Raj Kapoor, filamu ya mwaka 1951, mwaka ule ule wa kisa hiki, wakatoka wakijadiliana kama mapenzi yana haki ya kushinda nasaba. Aliyelelewa na filamu hizo hufungua riwaya ya Kihindi akitarajia mvua, wimbo, na Kabir akifika mbio kabla bibi harusi hajazunguka moto. Kabir haji. Harusi inafungwa, wageni wanakula, na aliyemfaa Lata anakaa naye katika gari moshi wakielekea nyumba ya kiwandani. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Lakini Lata hakuwa mchaguzi wa kupita kiasi, wala Haresh si koroma. Kinachouma ni kwamba kati ya nazi tatu, moja haikuruhusiwa kuguswa tangu mwanzo.

Hilo ndilo deni la kitabu hiki, na si haki kulifunika kwa vicheko. Ucheshi wa mapenzi, tangu zamani, hutaka mwisho wa harusi, na mtu mmoja huachwa nje ya ukumbi ili ukumbi ujae furaha. Katika riwaya hii aliyeachwa nje ni kijana Mwislamu. Lata anatoa sababu za moyo wake, nazo ni za kweli; lakini sababu hizo zimeotea katika udongo uliokwishatiwa chumvi na mama, na jamaa, na 1947. Nani awezaye kusema kwa yakini angalichagua nini lau udongo ungalikuwa mwengine? Riwaya ilitoka mwaka 1993, miezi michache tu baada ya Msikiti wa Babri wa Ayodhya kubomolewa Disemba 1992. Na mwaka 2020 ilipotolewa kuwa mfululizo wa televisheni, ukiongozwa na Mira Nair, mama wa filamu ambaye maisha yake yamegawika pia na Kampala, polisi wa jimbo la Madhya Pradesh walifungua shauri kwa sababu ya vijana wawili wa kubuniwa, Lata na Kabir, kuonyeshwa wakibusiana penye hekalu. Miaka sabini ilikuwa imekaribia kupita tangu kisa kilipowekwa, na komeo la mlango lilikuwa lingali mahali pake.

Kwa hivyo asomaye kitabu hiki kwa kucheka tu amekisoma nusu. Na asomaye kwa kumlilia Kabir tu, naye amekisoma nusu. Seth ameyaweka yote mawili katika sahani moja, kama mpishi anayejua kwamba ndimu haikanushi sukari.

Limebaki jambo moja, nalo liko nje ya jalada. Baba yake Vikram Seth, Prem, alikuwa mtu wa kiwanda cha Bata. Mama yake, Leila, alifiwa na baba yake, afisa wa reli, angali mtoto, na akalelewa na mama mjane. Aliolewa na mtu huyo wa viatu. Ndoa ikadumu. Leila akasoma sheria akiwa ameshazaa, akaongoza katika mtihani wa mawakili wa London mwaka 1958, akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Delhi, na mwaka 1991 akawa mwanamke wa kwanza nchini India kuwa Jaji Mkuu wa Mahakama Kuu ya jimbo, huko Himachal Pradesh. Alifariki mwaka 2017. Mwanawe aliandika riwaya hii kwa miaka kadhaa akiwa anaishi nyumbani kwa wazazi hao hao, akila chakula chao.

Mtu akishajua hayo, humrudia Amit kwa jicho jengine. Amit ni mshairi, mzaliwa wa Calcutta, mwana wa jaji, aliyesoma Uingereza, aliyeacha taaluma yake ili aandike riwaya ndefu. Seth amejichora mwenyewe, akajitia katika nyumba ya wacheshi, akamwacha huyo mwenzake ashindwe na mtu wa viatu. Na ilimlazimu. Lau mshairi angalishinda, lau binti wa mjane wa afisa wa reli angalimchagua mtu wa vina badala ya mtu wa ngozi, basi mwaka 1952 asingalizaliwa mtoto wa kuja kuandika kisa hicho.

Ndiyo maana hakuna uchungu katika kushindwa kwa Amit. Anarejea mezani kwao Calcutta, ambako Kakoli tayari ana mshororo juu ya jambo hilo, na mbwa yuko chini ya meza akingoja mguu wa mgeni. Huko Praha, Haresh anaamka alfajiri kwenda kiwandani. Hana shairi hata moja kichwani, wala hajui kuwa washairi hutoka pia katika nyumba kama yake.